Nilikuwa namtafsiria mama movie, kila starring mbaya namgeuza mwema

Wakuu, salamu kutoka Embu town. Hii kitu imetokea Jumapili iliyopita na tangu hapo sijatulia. Nakaa, naamka. Nitawapa vile ilikuwa. Jina la brother yangu nimebadilisha, mengine yote nimeacha, hata pale naonekana mjinga.

Kwanza nieleze ugonjwa wangu.

Movie yenye starring ni mtu mbaya huwa inanishinda kumaliza. Sisemi adui. Adui awe mbaya, hiyo ni kazi yake. Nasema starring mwenyewe, yule unatakiwa ufuate kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sisi tulilelewa na video za siku ya soko pale Manyatta. Unaingia, mnabanana kwa benchi, na swali la kwanza lilikuwa moja tu: starring ni nani? Ukishaonyeshwa, unatulia. Huyo hafi, na huyo ni mwema. Akipigwa unaumia wewe, akiamka hall nzima inapiga makofi.

Siku hizi unawekewa jamaa anadanganya bibi yake, anafukuza mfanyakazi, anatukana watchman, na wewe ukae ndani ya kichwa chake masaa mawili. Mimi siwezi. Naenda kuangalia kama nimefunga gas. Narudi, bado ni yeye. Napause, nacheck simu, naosha kikombe ambacho si kichafu. Watu wa kazini wananicheka, wananiambia hizo ndizo movie za watu wazima.

Sawa. Sasa tuingie kwa mama.

Mama anaishi Manyatta peke yake tangu baba atuache. Ana ng'ombe moja, kahawa kidogo, na kikundi chake cha akina mama wa kanisa. Masikio yamemsumbua. Ukikaa karibu naye upande wa kushoto anakusikia vizuri kabisa, lakini simu kwake ni kelele tu.

Kila Jumapili baada ya kanisa naenda na laptop. Tunakula githeri, halafu movie. Anapenda movie kuliko mimi. Shida ni kwamba Kizungu hajui, so mimi nakaa hapo kushoto namtafsiria kwa Kiembu.

Na yeye pia swali lake la kwanza ni lile lile: "Mwema ni yupi?"

Namwonyesha. Kutoka hapo anamwombea kabisa, wakuu. Jamaa akiingia kwa nyumba yenye majambazi, mama anafunga macho.

Sasa fikiria amefunga macho anamwombea mtu, halafu huyo mtu anampiga mfanyakazi wake kofi. Nitasema nini? Mara ya kwanza nilisema huyo mfanyakazi ameiba dawa ya watoto. Mama akatingisha kichwa akasema basi ni haki yake.

Ikawa tabia. Starring akitoroka bibi yake mgonjwa, mimi nasema ameenda kutafuta daktari mzuri. Akidanganya kortini, nasema anaficha siri ya rafiki. Kuna moja ilihitaji uongo mwingi mpaka ikabidi nimfanye polisi aliyejificha. Nilikuwa natoka hapo nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Lakini nilifurahia, nisidanganye tena. Kwa mdomo wangu starring alikuwa mwema, na movie niliimaliza bila kuamka.

Hapa ndipo brother anaingia. Tumwite Njagi. Ndiye mkubwa, anafanya kazi ya ofisi Meru town, ana watoto wawili. Kwa sababu mama hasikii simu, Njagi hunipigia mimi, kisha mimi nampelekea mama maneno.

Njagi hajui kusema na mtu. Anaagiza. Christmas alisema hawezi kuja kulala kwa moshi. Nikamwambia mama gari imeharibika. Mama alipougua kifua, Njagi aliniambia ni uzee, nisimsumbue kazini. Nikamwambia mama Njagi amefunga siku mbili anamwombea. Miaka, wakuu. Namtengeneza tu.

Mwezi uliopita akanipigia. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka. Maneno yake nayakumbuka moja kwa moja: "Mwambie mathe akuje Meru. Ako hapo bure tu. Atuangalizie watoto, atalala kwa room yao. Na hiyo ng'ombe muuze, siji kuileta huku."

Nikaenda kwa mama. Nikamwambia: "Njagi amekukumbuka sana. Anasema umekaa peke yako vya kutosha. Amekutengenezea chumba."

 Mama akauliza kama hicho chumba kina dirisha. Nikasema ndiyo, kubwa.

Kutoka siku hiyo mambo yakaanza kukimbia na mimi niko nyuma. Akagawia jirani kuku wote. Akina mama wa kanisa wakamfanyia maombi ya kumuaga, wakamletea blanketi nzito kwa sababu Meru kuna baridi, ati kama sisi Manyatta hatuna. Mtu wa kununua ng'ombe akaambiwa aje Jumanne. Hiyo ng'ombe mama aliilea ikiwa ndama iliyokataliwa na mamake. Aliinywesha maziwa kwa chupa.

Na mimi roho juu juu. Kila siku nasema nitamwambia kesho. Nikajiambia labda Njagi akimwona mlangoni atalegea. Nikaona nyumba ya mama inafungwa kwa sababu ya chumba ambacho nilijenga mimi kwa mdomo.

Sasa Jumapili. Mama akasema tuangalie moja ya mwisho kabla hajaenda. Nilikuwa na flash ya rafiki yangu, sikuwa nimeangalia ndani kuna nini. Nikaweka ya kwanza.

"Mwema ni yupi?"

Nikamwonyesha mzee mmoja wa suti, mwenye nyumba kubwa.

Dakika ishirini hivi, huyo mzee akaenda kijijini akamleta mama yake mjini. Mimi nikaanza kusikia joto. Akamweka kwa kachumba kando ya mashine ya kufulia. Nikasema amempa chumba cha karibu ili amsikie akiita. Mama wa watu akaanza kuosha vyombo. Nikasema hapendi kukaa bure.

Nikaenda kuchukua maji. Nikarudi. Nikaenda kuangalia ng'ombe kama imefunguka. Haikuwa imefunguka. Nikarudi, nikasema natafuta charger.

Mama akaniambia: "Mugendi, kaa chini. Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Nikakaa. Hapo ndipo wageni waliingia kwa movie. Watu wakubwa, wamekaa kwa kochi, na yule mama akatokea na chai. Mgeni mmoja akauliza huyu ni nani. Mzee wa suti, bila hata kugeuka, akasema ni mama fulani anayewasaidia nyumbani.

 Nikasema: "Anawaambia, huyu ndiye mama yangu aliyenizaa."

Mama akaangalia. Yule mama wa movie aliweka tray chini pole pole, akatoka.

"Mbona hawajamsalimia?" mama akauliza.

Nikajifanya napangusa screen.

"Mtu ametambulishiwa mama wa mwenye nyumba," akasema. "Hakuna hata mmoja amesimama. Hakuna hata mmoja amempa mkono."

Wakuu, njia ya mwongo ni fupi. Huku kwetu hata mlevi akiambiwa huyu ni mama ya fulani, anasimama, anapangusa mkono kwa suruali na kumsalimia. Ningesema nini? Ati wageni wote wameumwa mikono? Kizungu nilikuwa nimekigeuza, lakini makalio ya wale watu yalibaki kwa kochi.

Mama akaniambia nisimamishe. Akageuka akaniangalia mimi, si laptop.

"Njagi alisema nini?"

Nikaanza: alisema amekukumbuka.

"Sema vile alisema."

Nikasema. Kwanza kwa Kiswahili kama nilivyosikia, halafu kwa Kiembu. Bure tu. Watoto. Room yao. Ng'ombe muuze. Haikufika dakika moja. Baadaye nikaendelea hadi ya moshi na ile ya kifua, kwa sababu mdomo ulikuwa umefunguka na sikuweza kuufunga.

Hakulia. Aliuliza tu: "Hakuna dirisha?"

Nikasema hakuna chumba.

 Halafu akauliza kitu sikutarajia. Akataja baba, zile siku za mwisho hospitali, daktari alipokuwa akiongea Kizungu na mimi natafsiri. Akauliza kama pale pia nilimtengenezea.

Nikamwambia hapana. Na ni kweli, ile nilitafsiri vile ilikuwa. Akaniangalia muda mrefu, na nikaona hajui kama aniamini. Hiyo imeniuma kuliko yote nimeandika hapa, na ndiyo inaninyima usingizi.

Akasema nimpigie Njagi, niweke loudspeaker. Njagi akachukua. Mama akaisogelea simu akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anaita ng'ambo ya mto:

"Njagi, ni mama yako. Sikusikii, kwa hivyo nyamaza. Mimi siji huko. Watoto wako nawapenda, walete likizo, nitawapikia. Ng'ombe haiuzwi."

 Njagi akauliza: "Sasa watoto nitaachia nani?"

Mama akageuka kwangu. "Amesema nini?"

Wakuu, ulimi ulikuwa tayari. Ulikuwa umeshapanga, ati anasema pole mama, ati anasema nimeelewa. Nikaumeza.

"Ameuliza watoto ataachia nani."

"Na mimi? Ameuliza kitu juu yangu?"

"Hapana."

Akatingisha kichwa, akarudisha simu kwangu. Njagi alikuwa ameshakata.

Nilifikiri atanifukuza. Nikaanza kufunga laptop. Akaushika mkono wangu.

"Weka imalizike," akasema. "Na usimtengeneze."

Basi nikakaa hapo kushoto, saa nzima na zaidi, nikatafsiri kila tusi na kila uongo wa yule mzee. Nilitaka kuamka mara kumi. Sikuamka. Na mwisho hakuna kitu kilimpata. Mama yake alirudi kijijini, yeye akabaki na nyumba yake. Wale tulilelewa na benchi za Manyatta tunajua movie haiishi hivyo.

Majina ya watu yakaanza kupanda kwa screen. Mama akafunga macho, midomo inasonga. Nikamuuliza anaomba nini na movie imeisha.

"Naombea huyu."

Nikamwambia lakini si umeona ni mbaya.

"Si ndiyo maana?" akasema. "Ukiniambia ni mwema, nitamwombea nini?"

Sikujua kama ni yule wa movie au ni Njagi. Akaenda kukamua.

Jumanne mnunuzi alikuja akarudi mikono mitupu. Jirani alirudisha kuku, isipokuwa jogoo, ambaye alikuwa ameshaliwa na wageni. Blanketi akina mama walikataa kurudishiwa, wakasema baridi ni baridi. Njagi hajapiga. Nikipigiwa nitapeleka vile alisema, hata kama ni tusi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilifikiri nachukia starring mbaya kwa sababu mimi ni mtu mwema. Kumbe nilizoea kumfunika Njagi, na ile movie ilikuwa inamfunua. Na ukimfunika mtu mbele ya mama yako, siku moja mama atashindwa kukuamini hata pale ulisema ukweli.

Jumapili inakuja naenda tena. Nataka niingie na movie yenye starring mbaya kabisa, niimalize bila kuamka kwa kiti. Nitajieni. Na kama kuna mtu hapa humbebea mzazi wake maneno ya ndugu, niambie wewe huwa unayafikisha vipi, kwa sababu mimi ndio naanza kujifunza.