Jiwe la Visigino vya Mama

Jiwe lilitoka shimoni, marehemu baba alipochimba choo cha nyumba yetu ya Port Reitz. Lilikuwa la kijivu, limejikunja mfano wa konokono, na migongo yake ilikwaruza vizuri. Mama akalifanya la kusugulia miguu. Tangu nikiwa mwari, kila Ijumaa jioni nilimtilia maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikaipakata miguu yake, nikamsugua visigino. Hata nilipoolewa Kisauni niliendelea kuja. Kazi ile ilikuwa yangu, na mambo ambayo mama hakuwaambia wengine aliniambia mimi, miguu ikiwa mapajani mwangu.

Kisha kaka yangu akaoa mwalimu kutoka bara, akamleta kukaa na mama. Sikuwa na neno naye, mpaka siku alipoliokota lile jiwe bafuni akapiga ukelele kana kwamba kaona nyoka.

"Mama, huyu ni mnyama!"

Tukakusanyika. Akatueleza kwamba mnyama huyo aliishi baharini, akafa, akafunikwa na matope yaliyogeuka mawe, zamani kabla hajakuwapo mtu yeyote. Na si konokono hasa, ni jamaa wa pweza na ngisi. Jamaa wa pweza! Mtu aliyeonja pweza mara ya kwanza kwenye harusi yake, leo anatufunza sisi pweza. Akaendelea: dunia ilikaa dahari na dahari na viumbe wasioonekana kwa jicho, kisha wakaja wanyama wenye makombe na mifupa, na enzi hiyo ya uhai unaoonekana ndiyo hii hii tuliyomo, sisi na jiwe pamoja. Mama alimsikiliza mdomo wazi. Mimi niliyekuwapo siku zote, jioni ile hakuna aliyeniona.

Jiwe likahamia kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni. "Mkwe wangu ndiye aliyeligundua," mama akawaambia majirani. Aliligundua! Wivu ulinikaba, wala sioni haya kusema. Nikamnunulia mama jiwe jipya la dukani. Akalisifu kwa adabu tu.

Wifi alilisafisha lile la zamani kwa mswaki. "Hasara," aliniambia, "upande mmoja umelika kabisa. Sijui ni nani aliyeliharibu."

"Visigino vya mama," nikamjibu.

Kila nilipokuja niliugeuza ule upande uliolika uwatazame wageni. Kila niliporudi nilikuta wifi kaugeuzia ukutani.

Kumbe mama alikuwa akituona. Ijumaa moja akaketi, akatia miguu kwenye beseni, akasema, "Nipeni jiwe langu. Hili la dukani lanitekenya."

"Lakini mama," wifi akasema, "litakwisha."

"Limekaa tangu hizo zama zako, mwanangu. Mimi je, nitakaa?"

Nikalitoa kabatini, nikaketi chini, nikaupakata mguu wake. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea.

"Nawe mwalimu," mama akasema, "sogea uangalie afanyavyo. Siku hayupo, utanisugua wewe."

Siku sipo! Nikakikazania kile kisigino mpaka mama akavuta mguu.

"Ala! Wataka kunichuna?"

Tangu siku ile, inyeshe isinyeshe, sijakosa Ijumaa hata moja.