Gundi Kwapani, Gazeti Kiatuni

Saa moja na nusu asubuhi, kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinasoma nyuzi tatu. Ndani ya karakana, mwanamume wa miaka hamsini na nane anafungua vifungo vya koti la kwanza, kisha la pili, anapenyeza mkono hadi chini ya koti la tatu na kutoa kwapani chupa ya gundi nyeupe.

Anaitikisa karibu na sikio, anasikiliza, anairudisha ilikotoka. "Bado," anasema. "Gundi ikishikwa na baridi haishiki mbao. Kwa hiyo inapashwa yenyewe kwanza, mimi nangoja zamu."

Mtaa mzima unamwita Koti Tatu, naye hana kinyongo na jina hilo. Ni seremala kwa mwaka wa thelathini na moja sasa, fundi wa milango, makabati na vitanda. Karakana yake ilikuwa ghala zamani: paa la mabati, sakafu ya saruji, na mlango ambao ng'ombe wawili wangepita bega kwa bega bila kugombana. Wakati wa joto watu humwonea wivu kwa nafasi hiyo. Majira ya baridi yakiingia, wateja hupiga simu tu.

Swali lililomleta mwandishi hapa ni dogo: mtu anafanyaje kazi ya mikono mahali ambapo pumzi yake mwenyewe anaiona?

"Anza na miguu," anajibu, kama aliyeulizwa namna ya kupika wali. "Watu wanadhani baridi inatoka juu. Wapi! Inapanda kutoka kwenye saruji." Mbele ya meza yake ametandika mbao chakavu, na juu ya mbao kipande cha zulia. Anavua kiatu ili kuthibitisha maneno yake. Ndani kuna gazeti lililokunjwa mara nne.

"Gazeti lenu nalipenda sana," anasema, uso mkavu. "Kurasa za michezo ndizo zinazopasha. Za siasa zinalowa upesi."

Lakini linaloshangaza zaidi ni ratiba yake. Nyuma yake ipo mashine ya umeme ya kupigia randa, imefunikwa turubai, na haijawashwa tangu baridi ianze. Kila asubuhi anapiga randa kwa mkono, saa mbili nzima.

"Mashine inafanya kazi, wewe umesimama unaganda," anaeleza. Jasho likikaribia kutoka, anavua koti moja haraka, kwa sababu shati likilowa, baadaye baridi itamwingia hadi mifupani. Kazi ya kuchonga viungo vya mbao, inayotaka vidole vyepesi, haigusi kabla ya saa nne.

Na moto je? Koti Tatu anacheka na kumtazama mkewe, anayeingia na chupa ya chai. "Mwulize huyu."

Mkewe, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, ng'ambo ya ua, hamung'unyi maneno. "Miaka tisa iliyopita alifunga milango yote, akawasha jiko la mkaa humu ndani. Nikamkuta amekaa sakafuni, anauchekea ukuta. Nilimburuta nje kama gunia. Sumu ya mkaa haipigi hodi." Tangu siku hiyo jiko halivuki kizingiti.

Ndiye pia aliyemshonea glovu zisizo na ncha za vidole, maana seremala asiyegusa mbao ni kipofu. Na hapo ndipo ilipo hofu ya nyumba hii. Mwezi uliopita Koti Tatu alijikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa patasi, akaendelea kuchonga. Alijua alipoona doa jekundu juu ya ubao.

"Sikusikia kitu," anasema polepole. Ncha za vidole viwili zimekuwa nyeupe kama nta. Daktari alimwambia wazi: akiendelea na baridi hii hadi mwisho wa majira, hisia ya vidole hivyo huenda isirudi tena.

Siku hizi akitaka kujua kama ubao umelainika, anainama na kuulalia kwa shavu. Anafanya hivyo mbele ya mwandishi, juu ya ubavu wa kabati, macho ameyafumba. Inachekesha kidogo, halafu inatia huzuni.

Ajabu ni kwamba dawa anayo mwenyewe. Amewajengea wenzake vyumba vya mbao ndani ya maghala kama hili: kuta mbilimbili, katikati yake maranda yaliyoshindiliwa yazuie baridi, na dari ya chini. "Taa mbili na mwili wa mtu vinatosha kupasha chumba hicho," anasema. Amejenga vitano, vyote vya watu wengine.

"Mganga hajigangi," mkewe anadakia. "Mwaka wa sita huu ananiahidi. Kila mwaka mbao zinaingia, kila mwaka mteja anaondoka nazo."

"Mteja akinililia nifanyeje?"

"Na mimi nikikulilia?"

Koti Tatu anakunywa chai, viganja vyote viwili vimekumbatia kikombe. Kisha anaokota chaki, anachora mstari sakafuni kuizunguka meza yake: hatua nne kwa tano. Mbao zipo, zimeegemezwa ukutani, na kazi ni ya wiki mbili. Anasema anataka kuchonga mpaka atimize miaka sabini, na afike huko na vidole kumi vinavyojua vinagusa nini.

Simu inalia. Ni mama mmoja anayetaka mlango kabla ya mwisho wa wiki, na sauti yake inasikika hadi nje. Mkewe anaacha kufunga chupa ya chai.

"Mama, nipe wiki mbili," seremala anasema. "Mbao zilizopo zina mwenyewe."

"Nani huyo aliyenitangulia?"

Anavitazama vidole vyake vya kushoto, anavikunja na kuvikunjua.

"Ni mimi, mama. Nimesubiri miaka sita."