Pindo la Ubao

Jirani yake Nasra, mama muuza kanga, hashiki kitu bila kukipapasa ukingo kwanza, na Nasra, anayeshonea nguo kwenye kibaraza kimoja naye pale Kihonda, amezoea kuviona vile vidole virefu vikitafuta pindo: kwenye kitambaa cha meza, kwenye gazeti, na siku hizi kwenye ubao mnene ambao mama huyo anajifunzia kuchora. Luqmani, mwalimu wake, alimpa picha ya kunakili, miraba myekundu na ya njano iliyokatwa na mistari minene myeusi, isiyo na fremu wala mwisho. "Usiongeze kitu, mama. Ukiongeza, haiingii kwenye maonyesho." Tangu hapo anabandika tepu, anapaka rangi, anabana pumzi, anabandua tepu taratibu, halafu brashi inamponyoka kuelekea ukingoni na yeye anairudisha. "Nani atanunua mji wa kanga, ile sehemu ya kati, bila pindo?" hunung'unika.

Leo ukungu wa milima ya Uluguru umeshuka mpaka kwenye mabati na hakuna kinachokauka. Luqmani amefika, amemwamkia, ameinama mbele ya picha. "Sawasawa kabisa, mama! Hii inaingia." Mama anaitikia kwa kichwa, mikono ameificha nyuma. Nasra, aliyekaa ubavuni mwa picha, ndiye anayeuona unene wa ubao: pindo jeusi, lenye vikorosho vyekundu kama vya kanga, limeuzunguka wote. Anafungua kinywa, jirani anamkazia jicho, anakifunga. Luqmani ananyoosha mikono yote miwili aushike ubao ubavuni, auinue, na rangi ya pindo bado mbichi.