Nilibeba bastola msikitini miezi minane, watu nikawaambia ni magoti

Wakuu, amani iwe juu yenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu ndani sidhani kama mpo wengi.

Nina miaka sabini na moja. Katika umri huu mtu akiongeza chumvi anajiongezea maswali tu ya kujibu kesho mbele ya Mola. Kwa hiyo nitasimulia kama ilivyokuwa. Majina ya wenzangu tu ndiyo nimeyabadilisha.

Huwa nasoma nyuzi zenu mkibishana kuhusu haki ya kubeba silaha huku Marekani. Wengine mnasema ni wendawazimu, wengine mnatamani ingekuwa kwetu. Mimi napita kimya. Leo nimeona niseme, kwa sababu haki hiyo niliwahi kuitumia.

Naishi Adelphi, Maryland, nje kidogo tu ya Washington. Nimestaafu baada ya kutunza stoo ya maabara miaka ishirini na sita.

Tulipoanza kuswali pamoja hapa tulikuwa watu tisa. Tulikodi chumba cha chini kwenye jengo la ofisi, pembeni ya sehemu ya kufulia nguo kwa mashine. Ufunguo wa mlango ulikaa chini ya kopo la maua, na kila mtu alijua.

Nazikumbuka Ijumaa zile, wakuu. Baada ya swala tulikunja mikeka, tukatandika magazeti na kumwaga maandazi katikati. Alikuwepo wa Tanga, wa Mombasa, wa Ujiji, wa Kasongo kule Kongo, na Wamarekani weusi wawili watatu waliojifunza Kiswahili kwa mapenzi tu. Watoto waliulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyekasirika. Chumba kizima kilinukia tangawizi na sabuni ya kufulia ya jirani.

Hakuna aliyewahi kuuliza nani yuko mlangoni.

Kisha akaja bwana mmoja kwenye maegesho ya magari, tukamwita bwana wa parking. Ijumaa ya kwanza alisimama nje akatutukana na kuondoka. Ijumaa ya pili alitutukana akipiga picha namba za magari yetu. Ya tatu tukakuta kioo cha mlango kimevunjwa. Polisi walikuja, wakaandika, wakawa wapole kabisa kwetu. Lakini tulikuwa tunasikia habari za nyumba za ibada kushambuliwa huku na kule, na akina mama wakaacha kuleta watoto.

Kamati tukakaa watu watano. Tukaamua mmoja wetu achukue kibali cha kubeba bastola.

Vijana wako kazini Ijumaa. Wanafunzi makaratasi yao ya uhamiaji bado. Khalil, mmoja wa wale Wamarekani wetu na mwanakamati mwenzangu, alikuwa mwanajeshi zamani na angefaa kuliko wote, lakini wakati ule alikuwa akiendesha basi siku hiyo. Nikabaki mimi: raia, mstaafu, rekodi safi.

Mke wangu nilipomwambia aliweka mwiko chini.

"Baba Zuhura, wenzako umri huu wanatafuta fimbo ya kutembelea. Wewe unatafuta bastola."

Nikaenda mafunzo. Siku mbili nzima, darasani na uwanja wa shabaha. Mwalimu alikuwa dada wa umri wa binti yangu, mkali lakini mwenye heshima. Alitufundisha sheria kuliko kulenga. Mathalani, kibali cha Maryland ukivuka tu kuingia D.C. hakikufai kitu, unaweza kulala ndani. Mimi ambaye kutoka kwangu hadi mpakani ni dakika chache, nilianza kupanga hata njia za kwenda kununua mchele.

Nikafaulu. Alama za vidole, fomu, subira, kibali kikaja.

Sheikh wetu alitukumbusha swala ya hofu. Mliosoma mnaijua: kundi moja linaswali, jingine linasimama na silaha, kisha wanabadilishana. Mlango ule niliusoma chuoni nikiwa mdogo, nikaona ni habari za watu wa kale.

Sasa kosa letu lilikuwa hili. Kamati tuliogopa kuwatisha watu, tukakubaliana kwamba wasijue. Lakini mzee mzima akikaa mlangoni wakati wenzake wamesujudu, watu watauliza. Nikapewa kiti, na mimi mwenyewe ndiye niliyetoa jibu.

Nikasema ni magoti.

Lilikuwa jibu jepesi. Magoti ya mtu wa miaka sabini nani atayabishia? Nilikaa pale na chuma kiunoni nikiangalia migongo ya jamaa zangu ikiinama na kuinuka, na wakishamaliza mimi naswali adhuhuri yangu peke yangu pembeni. Ile sehemu ya kubadilishana tuliisahau.

Uongo ule ulizaa huruma, wakuu. Binti mmoja wa Mombasa aliniletea mto wa kukalia. Na Papa Idi akaanza kuniletea mafuta.

Papa Idi ni yule wa Kasongo. Tuna umri mmoja, tulikuwa pamoja katika wale tisa wa kwanza, na kwenye kamati hakuwemo. Alitoka kwao wakati wa vita na watoto wawili badala ya wanne. Habari hiyo aliniambia mara moja tu na hatukuirudia. Kila Ijumaa alikuja na kichupa cha mafuta aliyoyachemsha mwenyewe kwa majani ninayoyajua nusu. Alikuwa akiniagiza nijipake mbele ya moto, wakati kwangu hakuna moto, kuna hita.

Nilivipanga vichupa vile kabatini. Vilikaribia thelathini. Sikuwahi kufungua hata kimoja.

Ikafika sikukuu ya Idi.

Nilitaka kuvaa kanzu. Khalil, ambaye Kiswahili chake ni cha darasani, kisafi kuliko changu, alinitazama akaniambia kwa upole, "Mzee, ukiihitaji silaha hiyo utalazimika kupandisha kanzu kama mtu anayevuka mto." Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Kisha akafumua mshono wa ubavuni mkono upite, akapiga pindo vizuri. Alikuwa haafiki, lakini akafanya.

Swala ikaisha salama, na yule bwana wa parking hatukumwona tena. Watu wakaanza kukumbatiana. Mnajua Idi ya ugenini ilivyo: unakumbatia hata mtu mliyegombana naye mwezi mzima. Nilikuwa nimejipanga kutoa mkono tu na kurudi nyuma. Papa Idi hakunipa nafasi. Alinifuata mlangoni mikono imefunguka, akanikumbatia kama anavyokumbatia siku zote, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni.

Mkono wake ukaikuta.

Akautoa mkono taratibu kama mtu aliyegusa sufuria ya moto mbele ya wageni na hataki waone. Akanitazama magoti, akanitazama usoni.

"Idi njema, muzee," akasema. Akavaa viatu akaondoka.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Ya pili, ya tatu, ya nne. Simu anapokea mwanawe, anasema baba amelala.

Siku hizo ndipo nilipomkumbuka sana marehemu baba yangu. Sisi ni watu wa Rufiji. Baba alikuwa na gobori la kulindia mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Nilikuwa namfuata nyuma nikibeba pembe ya baruti. Tukikutana na mtu njiani, awe mtu wa nani, baba alisimama, akaliegemeza gobori kwenye mti, akatembea hatua kadhaa mikono mitupu, ndipo akatoa salamu. Na salamu za kule ni ndefu, za mpunga, za watoto, za maji ya mto. Muda wote huo gobori liko kule, macho ya wote wawili yanaliona.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asilibebe tu. Akaniambia, "Akupaye mkono ana haki ya kujua wa pili umeshika nini."

Baba hakujua kusoma hata herufi moja. Mimi nilimaliza juzuu thelathini na vitabu juu yake, nikawa nimekaa kwenye kiti cha uongo ndani ya nyumba ya Mungu.

Jumapili moja adhuhuri nikaifungia bastola kwenye sanduku la chuma, nikaendesha kwenda Gaithersburg anakoishi na mwanawe. Njia nzima, barabara kuu ya 270, nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na hoja nzuri: katiba inaruhusu, sheria nimefuata, hata dini ina mlango wake.

Alinifungulia mwenyewe. Akanikaribisha, akaleta chai na karanga, akakaa mkabala nami. Akauliza:

"Magoti inaendelea je?"

Hoja zote nikaziacha.

Nikamwambia magoti ni mazima. Nikamwambia kamati iliamua, nikajisahihisha, nikasema magoti niliyabuni mimi. Akawa anamenya karanga tu, anaweka maganda kwenye kisosi.

Kisha akaniuliza kama nadhani ameudhika kwa ajili ya bunduki. Nikasema ndiyo, nikijua alikotoka.

"Kule kwetu bote balikuwa banasema banatulinda," akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Kila mwenye bunduki. Ile nimezoea. Na miye sikatai, batoto balindwe. Lakini weye, ndugu yangu, nilikuwa nakuombea magoti. Kila sujudu. Miezi minane naomba Mungu aponyeshe kitu kizima."

Nililia, wakuu, siwafichi. Na yeye akaendelea kumenya karanga mpaka nikamaliza, akanimiminia chai nyingine.

Hakusema amenisamehe. Alisema tu, nikiwa mlangoni, kwamba wenzetu wengine nao wana mikono.

Nilimwelewa: nao walikuwa wakinipa mikono bila kujua. Ijumaa iliyofuata baada ya swala nikaomba ruhusa kwa Sheikh, nikasimama mbele ya watu wote, nikawaambia kiti kile kilikuwa cha nini.

Palichafuka. Mama mmoja alisema angejua asingerudisha wanawe. Kijana mmoja wa Mombasa akasema mzee hana kosa lolote, hii ni haki yetu kikatiba, na yeye angependa wabebe hata watano. Yule binti wa mto alikuja akauchukua mto wake. Hilo liliniuma kuliko maneno yote.

Tulibishana wiki tatu. Tukafika hapa: mlinzi abaki, lakini ajulikane. Akae nje ya mlango na kizibao cha rangi, asijifiche chini ya kanzu. Khalil alikuwa amebadilishiwa zamu, akaichukua kazi hiyo kwa moyo mweupe. Na kila Ijumaa watu wawili wanabaki ili naye aswali adhuhuri yake kwa jamaa. Mimi ni mmoja wao siku zote. Kwangu inakuwa sunna kwa kuwa ya Ijumaa nimeshaiswali, kwake ni faradhi, na hatoki pale peke yake.

Wiki iliyofuata Papa Idi akarudi. Akaja kusimama ubavuni mwangu kwenye safu. Kwenda chini nilikwenda vizuri, kuinuka ndiyo shughuli. Miezi minane ya kukaa kwenye kiti, na miaka yangu juu yake, magoti yalikuwa yameganda kweli. Nikaguna. Yeye kimya, ndani ya swala, lakini nilimwona bega likitikisika kwa kicheko alichokizuia. Tulipotoa salamu akanigeukia, akanipapasa kiunoni pande zote mbili kama askari wa uwanja wa ndege, mbele ya watu, ndipo akanikumbatia.

Mafuta yale nilianza kuyatumia siku hiyo. Yanafaa, yanawasha tu.

Bastola bado ninayo, imefungwa sandukuni. Sijaiuza. Mke wangu akiniuliza naitunzia nini, nasema bado natafakari. Sitaki kuwahukumu wanaobeba. Niliyoyaona katika wiki zile tatu za ubishi yalinifundisha kwamba wenye hofu wote walikuwa na sababu.

Nililojifunza ni dogo. Sheria ilinipa haki ya kubeba. Haki ya kumdanganya aliyenifungulia mikono hakunipa mtu, niliichukua mwenyewe.

Siku hizi Papa Idi amehamia Texas kwa binti yake, na Ijumaa zangu zimepungua utamu, nakiri. Juzi alinipigia. Anasema kule kila mtu kiunoni ana chuma, mpaka wazee wa kupokea viatu. Nikamuuliza sasa siku ya Idi anafanyaje.

"Namuuliza mutu kwanza," akasema. "Naye ananionyesha, iko huku. Basi tunakumbatiana upande ule mwingine."

Mlioko Minnesota, Ohio, na hata nyumbani, niambieni: kwenye misikiti na makanisa yenu mlinzi mnamjua? Na mliwahi kuambiwa, au mligundua kwa mkono kama rafiki yangu? Nipo, nasoma polepole, miwani yangu ni ya zamani, lakini kila mtu nitamjibu inshallah.