Kilio cha Célestin

Nawasimulia mwenyewe, kabla majirani wa Ruashi hawajatia chumvi.

Shemeji alirudi safari ya Dar es Salaam na zawadi: kaa mdogo anayeishi ndani ya gamba la konokono. Nikamwita Célestin. Nilijifunza kwa simu kumtengenezea makao: sanduku la kioo lenye kifuniko, mchanga mwingi wenye unyevu, magamba ya kubadilisha, maji ya chumvi. Chakula nikamwekea samaki mkavu wa Pweto. Kwenye shirika letu la parokia nilijisifu kila Jumapili: "Célestin anakula vizuri!"

Halafu akajizika mchangani. Wiki zikapita. Simu ikaniambia kaa akifa hunuka samaki. Nikafunua kifuniko: harufu ya samaki tupu! Nani aliyemtia samaki humo? Sikujiuliza. Nilitokwa na machozi, nikaandika kwenye WhatsApp ya shirika: "Célestin wetu ametuacha."

Kabla ya jioni walifika na viti, rozari na nyimbo za kilio. Mama Président wa shirika alinikumbatia. "Pole sana, mama. Mutoto alikuwa na miaka ngapi?"

Hapo ningesema ukweli. Badala yake nikalia zaidi.

"Mwili iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye kioo.

Wote wakainama. Mchanga ukatikisika, na Célestin akapanda juu, kumbe alijizika kujivua ngozi, na mpya inang'aa, akaenda moja kwa moja kwenye samaki wake.

Mama Président alikunja rozari polepole. "Bon. Ya kilio tunaacha. Tuimbe ya Pasaka?"