Msaragambo wa Kupima

Diwani wetu si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu huku milimani, juu ya kijiji cha Maore, watu wameshaanza kumchambua, na mimi sina nguvu ya kuungana nao. Madiwani walikuwa wameambiwa waache kuhutubia tu juu ya UKIMWI, waonyeshe mfano. Wengine walichapisha fulana. Wa kwetu alisema atapima mbele ya watu, siku ya msaragambo.

Kwa Mpare, msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anatozwa faini. Hivyo ndivyo tulivyochimba mifereji, na hivyo ndivyo tunavyozoa tope kwenye ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mashamba yetu. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji alipotangaza kwamba asiyepima hajamaliza msaragambo, hakuna aliyeshtuka. Muuguzi aliyekuja na vipimo alijaribu kusema kupima ni hiari. Mwenyekiti akamjibu kwamba hata kuzoa tope ni hiari, ila faini ipo. Tukacheka, na mimi nikacheka.

Nilikuwa nakunywa dawa tangu mume wangu alipofariki. Nilikuwa nikizichukua Same mjini, nikienda kuuza tangawizi, ingawa kituo cha afya kiko karibu zaidi. Majirani sikuwaogopa sana, maana nimeshawazoea na midomo yao. Niliyekuwa namficha ni binti yangu, aliyeolewa Dodoma na ana mimba ya kwanza. Nilipanga kumwambia nitakapokwenda kumhudumia akijifungua, tukiwa wawili tu, kichanga kimelala. Maneno yenyewe nilishayapanga, nikawa nayarudia nikipalilia.

Diwani alitangulia, akatobolewa kidole, akapigiwa makofi. Mstari ukasogea hadi ukaisha. Nikabaki mimi na jembe langu. Kule Same walishaniambia kwamba anayekunywa dawa hana haja ya kupima tena.

"Mama, bado wewe," mwenyekiti aliita. "Usituharibie kazi bwana!"

Ningeweza kusema naumwa kichwa. Ningeweza kusema nilipima juzi mjini. Nilikuwa na uongo wa kutosha, miaka yote hiyo nilikuwa nautunza, lakini siku hiyo nilichoka kutunga. Pia yule mwenyekiti aliniudhi.

"Nilishapima zamani," nilisema. "Nakunywa dawa."

Diwani akaja mbio mbio akikanyaga tope kwa viatu vyake vizuri.

"Shikamoo mama," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Akaushika mkono wangu, akauinua. "Ndugu zangu, kiongozi wa leo ni huyu, siyo mimi!"

Makofi yakawa makubwa kuliko aliyopigiwa yeye. Mtendaji wa kata akapiga picha. Wakati wa makande, diwani alikaa kando yangu akala nami sahani moja, ikapigwa picha nyingine. Nilitafuta moyoni kama nina aibu, au hasira, au hata furaha. Nilikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kusema haki, alifanya kila kitu ambacho kiongozi anaombwa afanye. Hakunitenga. Hakunong'ona. Ila hakuniuliza kama picha ziende, na mimi sikufikiria kwamba zitakwenda.

Zikaenda kwenye grupu la kata, ambamo wamo watoto wetu wote walioko mbali. Jioni nilikuwa naosha miguu simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na huyo wa tumboni?"

"Hatujambo. Nimeona picha. Walichoandika ni kweli?"

"Ni kweli. Nilitaka nikwambie nikija."

"Mwenyekiti anajua. Diwani anajua. Mama, mimi nimejua pamoja na grupu zima?"

Akalia. Nilijua mama anatakiwa aseme kitu mtoto wake akilia. Yale maneno niliyokuwa nayarudia shambani hayakuja hata moja, nikamwambia ajitahidi kula mboga za majani. Alipotulia akasema mama mkwe wake ndiye atakayemhudumia akijifungua, nisijisumbue na safari. Nikasema sawa. Nikamaliza kuosha miguu.

Asubuhi diwani akapiga simu. Alikuwa na furaha, sauti yake ilinijaa sikioni. Kata za jirani zimeziona zile picha, wanaomba niende nikazungumze na watu, na yeye mwenyewe atanipeleka. Akauliza kama mwisho wa mwezi ujao nitakuwa na nafasi, maana alisikia nina safari ya Dodoma kumpokea mjukuu.

Nikamwambia nafasi ninayo.