Hapa Tunasoma Nyota

Mwalimu wa fizikia alipostaafu, wanawe walitumaini angalau atajifunza kupumzika. Yeye akaomba chumba cha juu cha maktaba na kubandika mlangoni karatasi: HAPA TUNASOMA NYOTA. WOTE KARIBUNI. Maisha yake yote aliwaonya wanafunzi dhidi ya sentensi zenye maana mbili.

Mkutubi alimpa chumba kwa shingo upande. Kikikosa watu, angekigeuza stoo ya magazeti ya zamani.

Siku ya kwanza mwalimu alifundisha viti. Siku iliyofuata akaja muuza viatu, akaketi mbele na kunyoosha kiganja.

"Cha nini hicho?"

"Usome, mama. Nyota yangu imefifia. Wateja wanapita tu."

Angeweza kumfukuza, ila huyu ndiye aliyekuwa darasa zima.

"Mimi za watu sisomi, mwanangu. Nasoma za angani. Hizo zikionekana hafifu, ama mwanga wake ni mdogo, ama ziko mbali, ama kuna vumbi katikati."

Muuza viatu alitafakari. "Vumbi."

"La angani."

"Nimekuelewa, mama. Nina shemeji."

Wiki iliyofuata alikuja na mkewe, mkewe akaja na msusi wake, na msusi hajawahi kutunza siri. Chumba kikajaa. Fundi cherehani alilalamika kwamba mumewe ana nyota ndogo. Mwalimu akaeleza, bila kumtaja mume wa mtu, kwamba nyota kubwa hung'aa kwa fujo, humaliza akiba yake upesi na kulipuka. Ndogo hutumia kidogo kidogo na kudumu mno. Fundi alirudi nyumbani akampikia mumewe vizuri, jambo lililomtia mume hofu.

Habari zikamfikia mkutubi. Akapanda ngazi akihema.

"Nasikia humu mnapiga ramli. Kama ni kweli, nafunga leo." Akamwelekezea kidole muuza viatu. "Wewe. Nyota nyekundu na ya bluu, ipi ina joto zaidi?"

Mwalimu alishika ukingo wa meza.

"Ya bluu, mzee. Nyekundu imepoa kidogo, hata ikivimba ikawa jitu. Ukiona imevimba hivyo, ujue inazeeka. Nilikuwa na bosi wa namna hiyo."

"Na Jua letu?"

"Litazimika baada ya miaka kama bilioni tano," alidakia msusi. "Tulishauliza. Nina harusi ya binti."

Mkutubi alitafuta ramli katika majibu hayo, akaikosa. Akavuta kiti.

"Magazeti yatakaa yalipo. Haya, mwalimu, leo mnasoma nini?"

"Galaksi. Zikikaribiana sana, huvutana, zikapishana, zikarudiana, mwishowe zikaungana. Huchukua mamia ya mamilioni ya miaka."

"Muda wote huo wa nini?" akauliza mkutubi.

"Wakwe, mzee," akasema muuza viatu. "Hawajakubaliana."